Naomba ushauri: amri ya kuvunja vifaa kwenye gemu ya maandishi

Wakuu, natengeneza gemu ya maandishi ya wachezaji wengi na nimekwama kwenye amri ya "vunja", yaani mchezaji anavunja kifaa chake na kurudishiwa baadhi ya malighafi. Upanga unaundwa kwa vipande 4 vya chuma. Ukivunjwa nikarudisha vyote 4, mtu ataunda na kuvunja usiku kucha apandishe ujuzi wa uhunzi bila gharama yoyote. Nikirudisha 1, hakuna atakayehangaika, watauza tu dukani. Nafikiria virudi 2, na fundi mzoefu awe na bahati ya kupata cha 3. Je, uchakavu nao upunguze mavuno?

Halafu jana mchezaji wa majaribio alivunja ufunguo wa pango akiwa humo humo ndani. Iliniuma sana. Vitu vya namna hiyo nivizuie kabisa, au amri iulize kwanza "una hakika?" Mliowahi kujenga mfumo huu naombeni msaada.