Betri ya boti ya mukene (dagaa): N70 mbili au lithiamu moja? Na chaji nitoe wapi

mtego_kasenyi
Wakuu habari za ziwani. Tunaweka umeme kwa boti yetu, mwenye boti katenga milioni moja na nusu na anataka jibu kabla giza la mwezi halijarudi, yaani siku nane hivi. Mmoja ananiambia chukua N70 mbili, zile betri za asidi za gari, mwingine anasema achana nazo ununue lithiamu moja ya ampea 100, mi nawaza injini ichaji ama niweke sola. Nyinyi mnatumia nini?

fundi_waya
Ssebo, hiyo ni kuuliza bei ya nguo bila kusema ni ya mtoto ama ya mtu mzima. Taa ngapi, wati ngapi, zinawaka saa ngapi? Injini ya kamba au ya ufunguo? Taa ziko kwa boti ama zinaelea?

Masese_40
Lithiamu, usipoteze muda. N70 kazi yake ni kuwasha gari, inatoa nguvu nyingi sekunde chache halafu alternata inairudishia, we ukiikamua usiku kucha haifiki mbali. Asidi ukipita nusu mara kwa mara unaiua, lithiamu unakula ampea 80 kati ya 100 na kesho iko pale pale. Halafu ya 100 ni kama kilo 12, ya asidi ya ukubwa huo inakaribia 30.

mzee_wa_karabai
Tumevua na karabai sisi, mukene walikuja vilevile. Asidi naijua ikiugua. Naipumzisha, napima, ikisoma volti 12.2 najua iko nusu. Hiyo lithiamu yenu inasoma 13.2 karibu usiku mzima, ghafla giza, BMS (kinga ya ndani ya betri) imekata, nahodha anatukana.

Masese_40
Mzee kwa heshima, ndo maana watu wanaweka mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

mzee_wa_karabai
Mita nayo inunuliwe na nani

Nyabo_Bugala
Mnabishana betri, hakuna aliyeuliza waya. Yangu iliniponza mwaka juzi. Fundi alipitisha waya chini ya mbao pale maji yanapokaa, hakuna fyuzi hata moja, akaniambia nyabo hii ni volti 12 haiui mtu. Usiku wa saa nane tuko nje ya Bukasa, msumari ushakula ganda la waya pole pole kwa kutikiswa na mawimbi, zikagusana. Moshi, plastiki inayeyuka, na dumu la petroli liko hatua mbili. Kijana mmoja aling'oa kichwa cha betri kwa mkono mtupu, kiganja kilitoka malengelenge, na spana ya namba 10 ilikuwa boksini muda wote. Injini nayo ikakataa kuwaka, tukaelea mpaka asubuhi, na simu zote zimezima maana tulikuwa tunachajia betri hiyo hiyo. Fyuzi bei yake haizidi soda mbili!! Betri yenyewe ilikuwa nzima, bado ninayo.

fundi_waya
Pole sana nyabo. Volti 12 hazikurushi lakini ampea za betri zinachoma boti. Fyuzi kuu ikae karibu na kichwa cha chanya, shubiri moja, kabla ya kitu kingine chochote. Ampea 30 inatosha boti kama hizi, za gari ziko tele soko la vipuri la Kisekka. Waya wa kwenda mbali weka mm 4, nyembamba unakula volti njiani unabaki kulaumu taa.

JahaziKavu
Na msidanganywe kununua waya za shaba iliyopakwa bati, hizo ni za bahari. Nalubaale (Ziwa Victoria) haina chumvi.

Masese_40
Haina chumvi ila ina maji. Nina waya umegeuka kijani mpaka ndani ya ganda.

JahaziKavu
Pakaa grisi

mtego_kasenyi
Samahani nilikuwa majini. Injini ni ya farasi 40, ya kamba. Taa sita, tano zinaelea na kila moja ina kabetri kake, tunapeleka kwa kibanda cha chaji. Ya sita iko kwa boti, wati 10. Simu nne na pampu ndogo ya maji.

fundi_waya
Si ungesema mapema!! Taa wati 10 saa kumi ni 100, simu tuseme 60, pampu 20. Jumla wati-saa 180, gawa kwa volti 12 ni kama ampea-saa 15. Asidi moja ya sola ya ampea 50 inakutosha na hupiti nusu, paneli ya wati 100 inairudisha kwa siku ya jua la kawaida. Injini ya kamba inayo koili ya taa lakini inatoa AC, bila rektifaya (ya kuigeuza DC) na regyuleta (ya kudhibiti volti) usiguse betri. Koili yangu ni wati 80 na hizo ni ukivuta gesi yote, mkishatega si mnazima? Chenji itakayobaki nunua jaketi za kuokolea.

Nyabo_Bugala
Na wiki ya mwezi mpevu mkiwa mmepumzika usiache asidi ikiwa tupu, inaota weupe ndani na haishiki chaji tena. Wengi wanafia hapo.

kijana_wa_Koome
Paneli itakaa wapi mchana? Kwa mwalo wetu ilimaliza siku mbili ikatembea. Sisi betri tunalala nayo chini ya kitanda.

Nyabo_Bugala
Kulala nayo sawa, usiichajie humo chumbani. Asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, na nyinyi mna mishumaa.

kijana_wa_Koome
Si mishumaa nyabo, tadooba (koroboi) ndo tunatumia 😂 mishumaa ni ghali

mtego_kasenyi
Wakuu, mwenye boti kapiga simu, kashanunua N70 mbili, ziko kwa boda zinakuja. Sasa naziunga vipi?

fundi_waya
Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukizifuatanisha unapata 24 na taa inalipuka. Zote ni mpya?

mtego_kasenyi
Moja mpya. Nyingine katoa kwa gari lake la zamani

Masese_40
Banange, jamani.