Naombeni ushauri: nafundishaje "Yehova Rafa" (Bwana aponyaye) mbele ya mama aliyefiwa na mtoto?

Mama Wawili
Wapendwa, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Jumuiya yetu imenipangia kufundisha vipindi vya Jumatano Kwaresima hii, na somo walilochagua wenyewe ni majina ya Mungu. Kikao kilipopitisha nilifurahi, maana ni somo linalopendwa: Yehova Yire (Bwana hutupatia), Yehova Nisi (Bwana ni bendera yangu), Yehova Shalomu (Bwana ni amani), El Shadai (Mungu Mwenyezi), kila mtu ana lake na kila jina lina pambio lake. Tayari kuna aliyenishauri nipange kwa mahitaji: wenye madeni na ada za shule waje siku ya Yire, wagonjwa siku ya Rafa, wenye kesi na maadui siku ya Nisi.

Shida yangu ni hiyo siku ya Rafa. Mwaka jana tulikesha sana kwa ajili ya mtoto wa dada mmoja wa jumuiya. Jina hilo ndilo tulilolishika usiku na mchana, na wapo waliomhakikishia mama kwamba mtoto ameshapona katika ulimwengu wa roho. Mtoto alifariki. Yule dada hajaacha ibada. Anakuja, anakaa karibu na mlango, ila pambio la Rafa likianza hutoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu.

Nafundishaje jina hilo na yeye yupo? Niliruke? Mwinjilisti wetu kaniambia nifundishe Neno kama lilivyo, watu wajipime wenyewe. Sijaridhika.

fundi_saa
Ruka tu dada yangu. Majina yako kibao, siku hiyo weka Mungu Aliye Juu Sana, mambo yaishe.

mzizi_wa_mbuyu
Mwinjilisti yuko sahihi. Someni Kutoka 15:26 yote, msinyofoe mkia. Ahadi ya uponyaji pale ina sharti: ukiisikiza sauti ya Bwana na kuzishika amri zake. Kama uponyaji haukuja, kuna mahali sharti halikutimia. Ukweli unauma lakini ndio dawa.

Katekista Mstaafu
Mzizi, wanafunzi wa Yesu walishauliza swali lako. Yohana 9: huyu kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Wakajibiwa si yeye wala wazazi wake. Hilo agano pale jangwani lilifanywa na taifa zima lililotoka utumwani. Wewe umelichukua ukaenda kumpimia mama mmoja kwenye kaburi la mwanawe. Hapana bwana.

Mama Wawili, usiliruke. Wasomee mahali jina lilipozaliwa. Watu wamevuka Bahari ya Shamu wakiimba, wakatembea siku tatu bila maji, wakafika mahali paitwapo Mara wakakuta maji hayanyweki kwa uchungu. Wakanung'unika. Musa akaonyeshwa mti, akautupa majini, maji yakawa matamu, ndipo likatoka neno "Mimi ndimi Bwana nikuponyaye". Pale hakuna mgonjwa hata mmoja anayetajwa kunyanyuka kitandani. Kilichoponywa ni maji. Na waliolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza walikuwa na uchungu bado mdomoni.

Hayo mengine pia ukiyafuata kwao utashangaa. Ibrahimu alipopaita mahali Yehova Yire hakuwa ameomba kitu. Alikuwa ametoka kushika kisu amchinje mwanawe, akazuiwa. Gideoni alimjengea Bwana madhabahu akaiita Yehova Shalomu kule Ofra, wakati bado anapura ngano kwa kujificha kwenye shinikizo la zabibu. Vita na Wamidiani vinakuja sura inayofuata, yaani "Bwana ni amani" inatajwa nchi ikiwa haina amani. Na Ezekieli anafunga kitabu chake kwa mji unaoitwa Bwana Yupo Hapa. Yeye mwenyewe yuko uhamishoni Babeli na hekalu la Yerusalemu lilishateketezwa. Ile ratiba ya ada Jumatano hii, maadui Jumatano ijayo, itupe. Katika Maandiko jina la Mungu haliwi namba ya dirisha unalopangia foleni. Mtu anakutana naye, kisha ndipo anapata cha kumwita.

mzizi_wa_mbuyu
Sijasema mama ana dhambi, mzee wangu. Nimesema andiko lisomwe lote.

Katekista Mstaafu
Basi tulisome lote, hadi mstari wa 27. Baada ya Mara wakafika Elimu, chemchemi kumi na mbili na mitende sabini. Hawakuipata kwa kutimiza sharti, maana kati ya mstari na mstari hawajatii lolote zaidi ya kutembea.

mwana_wa_agano
Mnahangaika bure. Maombi hayakujibiwa kwa sababu mnaita majina ya kutungwa. Jina lake ni herufi nne za Kiebrania (YHWH), na asiyelitamka sawasawa anaongea na hewa.

fundi_saa
Haya, amefika. Mkuu, Gethsemane Yesu aliomba kwa "Aba, Baba", Marko 14. Kama kuna mtu alijua namna ya kuita ni yeye. Na Wayahudi wenyewe, waliopewa hizo herufi nne, wakizifikia kwenye kusoma husema Adonai. Wakatoliki nao waliandikiwa barua kutoka Vatican mwaka 2008 kwamba jina hilo lisitamkwe kwenye liturujia. Wote hao wanaongea na hewa? Turudi kwa mleta mada.

Binti Pangani
Mimi Muislamu, nimepita tu. Kwetu majina ni tisini na tisa, na marehemu bibi alikuwa akivuta tasbihi na Yaa Latifu kila alfajiri, siku ya shida na siku ya raha. Tulipomuuliza anaomba nini alisema haombi kitu. Samahani kama nimeingilia. Huyo dada mpeni pole yangu.

nyota_ya_Mbinga
Nimesoma uzi wote kabla ya kuandika. Mimi nilizika binti yangu akiwa darasa la tatu, kwa hiyo naongea kutoka upande wa mlangoni, huko anakokaa huyo dada.

Kilichoniumiza hakikuwa jina. Ni wale waliokuja kunishuhudia watoto wao waliopona, nikae niwapigie makofi. Katekista amesema vizuri kuhusu Mara, lakini nahofia hata somo zuri kiasi hicho linaweza kumfikia mtu kama maelezo, na mfiwa hataki maelezo.

Mimi nilisaidiwa na Naomi wa kitabu cha Ruthu. Amerudi Bethlehemu amezika mume na wana wawili, wanawake wa mji wanamshangaa, naye anawaambia msiniite Naomi, niiteni Mara (yaani chungu), kwa sababu Mwenyezi amenitenda mambo machungu sana. Huyo "Mwenyezi" kwa Kiebrania ni Shadai, yuleyule tunayemwimbia na vigelegele. Jina hilo limo mara 48 katika Agano la Kale, na 31 kati ya hizo ziko kitabu cha Ayubu, mahali ambapo watu wanabishana juu ya mtu aliyezika watoto kumi. Niligundua kwamba ninaruhusiwa kumwita kwa jina lake huku nimemkasirikia. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kanisani.

Kwa hiyo dada, fundisha na hiyo Shadai ya Naomi. Na kabla ya Jumatano yoyote nenda kwake nyumbani, bila ujumbe wa wazee, mwambie somo litakalokuja. Akitaka kutokuja siku hiyo asitafutwe kwa simu.

Mama Wawili
Nimelia, nyota. Asante, na pole sana.

Nimeanza kupanga upya. Nafikiri nianze na Hajiri, Mwanzo 16, mjakazi Mmisri mwenye mimba, amekimbia mateso yuko kwenye chemchemi njia ya Shuri, na ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina: Mungu anionaye. Kinachonitatiza ni kwamba kabla ya kumpa jina hilo ameshaambiwa na malaika arudi kwa bibi yake Sarai, yuleyule aliyemtesa. Hilo nalisemaje mbele ya akina mama? Wapo wanaopigwa majumbani.

nyota_ya_Mbinga
Liseme kwamba ni gumu. Na waambie waziwazi kwamba aya hiyo haimwagizi mtu yeyote kurudi kwenye kipigo. Sura ya 21 Hajiri anatoka kabisa kwenye ile nyumba, na Mungu anamfuata hukohuko jangwani.

Katekista Mstaafu
Naunga mkono. Jumatano ya kwanza Hajiri, ya pili Yire, ya tatu Mara, na palepale usome Ruthu 1, isingoje wiki nyingine. Mapambio siku hiyo yawe mwishoni, na mwambie kiongozi wa sifa mapema, wale huwa hawasubiri.

Mama Wawili
Kiongozi wa sifa ni mume wangu. Huyo niachieni mimi. Kwa huyo dada naenda kesho jioni.