Naomba ushauri: mzee anataka kuzikwa bila dawa, na wadudu wake waende makumbusho

Habari zenu ndugu zangu, naombeni ushauri. Baba anaumwa sana ila akili bado timamu kabisa, katuambia akifariki hataki formalini (dawa ya kuhifadhi maiti) wala kaburi la zege, anataka sanda ya pamba na udongo tu, wadudu wafanye kazi yao. Mtu aliyekusanya mbawakawa na vipepeo maisha yake yote, mimi namuelewa, ila ndugu wengine wanaona kama tunamtupa. Mochwari moja niliyouliza wakasema bila dawa haiwezekani, wakati najua baridi ya nyuzi 2 mpaka 4 inahifadhi mwili siku kadhaa.

Halafu kuna masanduku yake ya wadudu waliokaushwa na kuchomekwa pini, anataka yaende makumbusho. Vijidudu vimeanza kutafuna vipepeo, chini ya pini naona unga unga, nimeyafunga kwenye nailoni nikayaweka friza wiki 2. Lebo nyingi zina mahali na tarehe, baadhi hazina kitu.

Kuna aliyewahi kuzika bila dawa, ndugu mliwaelewesha vipi? Na wadudu wasio na lebo makumbusho wanawapokea kweli au niwatenge? Nauliza sasa hivi maana mzee bado anaweza kunitajia alikowatoa.