F-22, F-35, J-20 au Su-57: ukipewa moja unachukua gani?

Jirani wa Eastleigh
Wadau, hamjambo. Juzi kwa kinyozi hapa mtaani ubishi wa ndege za kivita (F-22 na F-35 za Marekani, J-20 ya Uchina, Su-57 ya Urusi) ulipamba moto hadi watu wakasahau zamu zao. Mmoja anaapa F-22 ndiyo baba lao, mwingine anasema Su-57 ikiipata angani itaizungusha kama chapati. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na wembe shingoni. Hapa sina wembe, kwa hivyo nauliza: ipi, na kwa nini? Msinijibu kwa ushabiki wa Gor na Ingwe.

Fundi Rada
Kwanza tuelewane kuhusu stelthi, yaani ndege kujificha isionekane kwa urahisi kwenye rada, maana wengi hudhani ni rangi tu. Ukiendesha usiku Thika Road, kibao cha barabarani hukurudishia mwanga wa taa zako ukiwa bado mbali. Lakini kioo cha gari lililoegeshwa mshazari hakikuonyeshi kitu, kwa kuwa mwanga unarushwa pembeni. Ndege ya zamani ni kile kibao: ina kona, makombora yananing'inia chini ya mbawa, midomo ya injini iko wazi. F-22 imeinamishwa kila upande, mikia imelazwa, makombora yamefichwa tumboni. Rangi ya kunyonya mawimbi ni ya kumalizia.

Na hesabu yake haina huruma. Ukipunguza mwangwi wa ndege (mawimbi inayoirudishia rada) mara 16, umbali wa kuonekana unapungua nusu tu. Ukitaka rada inayokuona ukiwa kilomita 200 ikuone ukiwa 20, mwangwi upungue mara 10,000! Ndiyo maana kifuniko kimoja kisichofunga sawasawa kinaharibu kazi yote. Sasa itazame Su-57 kwa nyuma: midomo ya injini ni ya duara, wazi kama sufuria. Ya F-22 ni bapa.

Mtoto wa Nanyuki
F-22 sahau. Zilitengenezwa 187 za kazi, ya mwisho ikakabidhiwa 2012, na sheria ya Marekani inakataza kuziuza nje. Japani iliomba ikanyimwa.

Mimi nimekulia karibu na kambi ya ndege ya Laikipia. F-5, ndege ya kivita ya zamani ya jeshi letu la Kenya, ikipita, sufuria ya chai inatetemeka jikoni, na ukitoka nje kuitafuta imeshapotea, unabaki na ngurumo. Hizo tunazo tangu 1978, na ndizo zilizorushwa Somalia 2011 kwenye Linda Nchi, operesheni ya jeshi letu dhidi ya al-Shabaab. Stelthi hazina hata kidogo, ila huko chini hapakuwa na rada ya kuzisumbua.

Dada Anga
Jirani, mwambie huyo wa chapati kwamba Su-57 kweli inajua kujigeuza, injini zake zinaelekezwa huku na huku. Ila mkifika mahali pa kuzungushana, kuna mtu alishakosea mapema. Kombora kama Meteor la Ulaya linawaka njiani hadi mwisho, linapita kilomita 100. Anayeona kwanza ndiye anayerusha kwanza.

Kwa hilo mimi nachukua F-35. Ina injini moja, na kasi yake ni mara 1.6 tu ya sauti, sawa. Lakini ina kamera sita zinazopeleka picha kwenye kofia ya rubani. Akitazama katikati ya magoti yake anaona ardhi, kana kwamba sakafu haipo.

Mzee wa Umoja
Vijana, msiabudu stelthi. Tarehe 27 Machi 1999 Waserbia waliangusha F-117, ndege ya stelthi ya Marekani, kwa S-125, mtambo wa makombora wa miaka ya sitini. Na kinachonichekesha zaidi: hesabu za mawimbi kugonga kingo ziliandikwa na Mrusi, Pyotr Ufimtsev, zikachapishwa Moscow 1962. Kwao hazikushughulikiwa sana. Wamarekani wakazitafsiri, wakaundia ndege za stelthi.

Fundi Rada
Kweli kabisa, mzee wangu. Rada ya mawimbi marefu huihisi stelthi, lakini ni kama mlinzi anayejua mwizi yuko mtaani asijue yuko nyumba gani. Waserbia walingoja karibu, na zile ndege zilikuwa na mazoea ya kupita njia zilezile.

Jirani wa Eastleigh
Na J-20 mbona mnairuka?

Dada Anga
Iliruka mara ya kwanza Januari 2011, ikaingia kazini 2017. Ni ndefu, inabeba mafuta mengi, ya kwenda mbali juu ya bahari. Haijapigana vita, kwa hivyo sina la kuongeza.

Mtoto wa Nanyuki
Kwa mfuko wetu mimi ningetazama Gripen ya Uswidi, inayotua hata barabarani. Lakini Afrika Kusini ilinunua 26, kisha zikakaa chini kwa muda kwa kukosa mkataba wa matengenezo. Kununua ni harusi, vipuri ndiyo ndoa.

Jirani wa Eastleigh
Asanteni. Jumamosi narudi kwa kinyozi na F-35 yangu. Nitangoja amalize shingo kwanza.