Tupeane uzoefu: kuhamisha mafaili diski hadi diski, nini kilikuchelewesha?

Kamera ya Chikongola: Wakuu, mimi napiga video za harusi hapa Mtwara Mjini. Juzi nilikuwa Mikindani, kazi ikafika gigabaiti 180. Wenye harusi walitaka mafaili yote ghafi kwenye diski yao kabla ya basi la Dar la alfajiri. Nikachomeka diski yangu yenye kazi hiyo saa 8 usiku, kasi ikasimama kwenye megabaiti 30 kwa sekunde. Piga hesabu: saa 1 na dakika 40. Diski hiyohiyo wiki iliyopita ilivuka 100!

Nikafunga programu zote, nikazima antivairasi, wapi. Kumbe ni waya. Waya wake niliusahau kwa rafiki Shangani, nikatumia wa chaja ya simu ya zamani. Tundu la diski hizi za nje lina vyumba viwili, kipana na chembamba. Waya wa simu unaingia kile kipana tu, unakaa sawasawa, taa inawaka, na hupewi onyo lolote. Ila hapo umesharudi USB 2.0, ule mfumo wa zamani wa kasi ndogo. Kwenye karatasi hiyo ni megabiti 480 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawa kwa 8 ni megabaiti 60, na mkononi unaambulia 30 hadi 40. Nikamgongea jirani, akanipa waya wenye kichwa cha vyumba viwili, nikachomeka kwenye tundu la bluu la kompyuta, lile la USB 3.0 yenye kasi. Basi likakutwa stendi.

Leteni na yenu, kuna watu wananunua diski mpya bila sababu.

Mama Studio Lindi: Pole kaka. Mimi ni picha za pasipoti na za mahafali, mafaili madogo maelfu kwa maelfu. Gigabaiti 12 za picha zinanilaza macho kuliko 40 za video moja! Nilidhani diski imezeeka. Siku hizi nazifungasha kwenye faili moja la zipu bila kuzibana, nalielekeza moja kwa moja diski ya pili. Muda umepungua zaidi ya nusu.

Fundi wa Ligula: Dada yuko sahihi. Kila faili lazima liandikishwe jina, saa na mahali lilipo. Diski ya sahani ina sindano inayotembea, na kila kuruka inakula milisekunde kumi hivi. Zidisha kwa picha 30,000. SSD, yaani diski ya chipu, haina sindano, ndiyo maana haiteseki sana.

Karani Newala: Mimi msimu wa korosho nilihamisha kumbukumbu za wakulima kutoka diski D kwenda diski E. Nilitegemea iwe haraka kwa kuwa ziko ndani ya kompyuta moja. Ikakokota megabaiti 20.

Fundi wa Ligula: Mkuu, D na E zako ni diski moja iliyokatwa vipande. Sindano inasoma huku, inakimbia kuandika kule, inarudi. Ungehamisha folda ndani ya D hiyohiyo ingemalizika papo hapo, kwa sababu hapo anwani tu ndiyo inabadilishwa, data haisogei.

Mjukuu wa Masasi: Yangu inauma. Diski ya marehemu babu ilikuwa na video akisimulia ukoo wetu. Nikaanza kukopi kila kitu, kasi nzuri, ghafla ikashuka hadi kilobaiti, na ndani nikasikia tik, tik, tik. Sikujua kwamba zile ni sehemu mbovu inazorudia kusoma. Nikaiacha usiku kucha imalize. Asubuhi haikuonekana tena kwenye kompyuta. Video ile ilikuwa faili moja tu, ningeitoa kwanza kwa dakika mbili. Mkisikia mlio huo, chukueni cha thamani kwanza, kisha zimeni.

Fundi wa Ligula: Pole sana ndugu yangu. Usiichomeke tena kujaribu. Kila jaribio linaiumiza zaidi.

Kijana wa Nachingwea: Nilinunua SSD nikijua sasa nitapaa. Napeleka mafaili kwenye flashi, megabaiti 8. Ilinichukua mwezi kuelewa kwamba anayepokea taratibu ndiye anayeamua.

Mama Studio Lindi: Nimeinama chini ya meza kuangalia waya wangu. Kichwa chake kina chumba kimoja tu. Miaka miwili yote! Kesho naenda kutafuta wa vyumba viwili.