Gobore la tundu dogo, .36 au .50?

Wakuu, niko Sikonge, kibali ninacho, nataka gobore lisilokula hela, kazi yenyewe ni kanga na sungura tu. Nichukue la .36 au .50 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi)?

— .36 mzee. Kilo ya madini ya risasi inatoa vidonge (risasi za duara) kama 230, ya .50 hata 90 havifiki, na baruti inakula kidogo. Ila tundu dogo linaziba masizi haraka, mdeki (fimbo ya kushindilia) unagoma katikati, deki kila baada ya shoti mbili tatu na jioni maji ya moto.

— Ila angalia na ndani ya mtutu: wenye mifereji, marisau (punje ndogo ndogo za risasi) yanatawanyika hovyo. Kanga wakiruka utawasindikiza kwa macho tu 😂

— Kwahiyo mtutu laini, usio na mifereji?

— Laini ndugu, unapiga marisau na kidonge.