Mrejesho: Yule niliyekuwa nalia kila siku na mimba

Wapendwa, mimba ikiwa na miezi sita niliwauliza kama kulia kila siku na kukosa usingizi kunaweza kumdhuru mtoto. Mkanisisitiza niseme kliniki. Muuguzi wa kwanza akanijibu "ni mimba tu hiyo", nikarudi Mbagala nalia ndani ya daladala. Dada akanirudisha. Safari hii nikaulizwa yale maswali 10 ya Edinburgh ya kuchunguza hali ya moyo wa mama, nikaambiwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na isipotibiwa huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Nikaanza ushauri nasaha kila wiki. Binti kazaliwa na kilo 2.9! Bado nahudhuria, kwani sonona huweza kuendelea hata baada ya kujifungua. Ana miezi minne sasa. Nikimwongelesha anacheka kwa sauti, nami naitikia.